Penseli kwa Uliyoyasikia

Kama umewahi kuingia kwenye nyumba ambayo mkebe wa sukari umeandikwa "Sukari", mkebe wa chumvi umeandikwa "Chumvi", na pazia la sebuleni limeshonewa kikaratasi chenye tarehe liliponunuliwa, basi umeshafika kwa Mama Glavu. Binti yake husema kwamba siku alipozaliwa, mama alimfunga namba mguuni kabla hajamnyonyesha. Mama Glavu hakatai. Anasema waliofunga ni hospitali, yeye alihakikisha tu kwamba namba yenyewe inasomeka.

Kazi ndiyo iliyomharibu, au ndiyo iliyomtengeneza, inategemea unamuuliza nani. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa mtunza stoo wa makumbusho, chini kabisa ya jengo, ngazi kumi na nne kutoka kwenye mwanga wa jua. Huko kuna rafu za chuma, harufu ya karatasi za zamani, na vitu elfu tatu mia mbili na kumi na tisa ambavyo anavijua kimoja kimoja, na homa ya kila kimoja. Glavu nyeupe za pamba anazivaa asubuhi na kuzivua jioni, na kuna watu wa mapokezi wanaoapa kwamba hawajawahi kuona kucha zake.

Daftari kuu la stoo lina sheria moja, naye ameishika kwa mikono miwili. Ulichokiona kwa macho yako unakiandika kwa wino. Ulichosikia kwa watu unakiandika kwa penseli, mpaka umpate mwenye kitu umuulize. Ndivyo alivyofundishwa na mtunza stoo aliyemtangulia, na huyo naye alifundishwa hivyo baada ya aibu ya fimbo ya mfalme, aibu ambayo nitaisimulia muda si mrefu kwa sababu siwezi kujizuia.

Sasa ona ajabu ya binadamu. Mtu huyu, ambaye aliwahi kumsimamisha profesa mzima kwa kuandika "huenda" kwa wino, akishatoka tu nje ya jengo alikuwa na maneno tele kuhusu watu wa ng'ambo ya reli, na yote yalikuwa ya wino mzito. Watu wale hawajui kusema asante. Watu wale wanahesabu vijiko mgeni akishaaga. Watu wale hivi, watu wale vile. Ukimuuliza ameyaona lini, anakujibu kwamba kila mtu anajua. Reli yenyewe ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka mlangoni kwake, naye maishani alikuwa ameivuka mara mbili, zote kwa ajili ya mazishi, na zote alirudi mapema.

Na maisha yalivyo na utani, yakamletea fundi friji. Binti yake wa pekee anauza dawa, na siku moja friji ya dukani kwao iligoma. Fundi akaitwa, friji ikapona siku ileile. Ila ajabu ni kwamba baada ya hapo ikawa inaugua kila wiki, na fundi ni huyohuyo, akawa hakauki pale dukani na kisanduku chake cha vifaa. Baada ya miezi minane ya friji mbovu, binti akamketisha mama yake na kumwambia kwamba anataka kuolewa, na kwamba kwao mchumba ni ng'ambo ya reli.

Kwa siku tatu Mama Glavu alipanga na kupangua mikebe yake. Siku ya nne binti yake akamfuata jikoni.

"Mama, mama yake na ndugu zake wanakuja Jumamosi," akamwambia. "Nakuomba kitu kimoja tu. Ukitamka 'watu wale' mbele yao, hata mara moja, nitanyanyuka niondoke nao. Na sijui kama nitarudi."

Binti huyu hana desturi ya kutisha watu. Akisema ataoka mkate, mkate unaokwa. Mama Glavu alimlea peke yake tangu akiwa wa miaka minne, na alijua vizuri ni kichwa cha nani alichorithi. Hofu ikamshika, maana alijijua mdomo wake ulivyo. Wiki ile alitia chumvi kwenye chai mara mbili, na mkebe umeandikwa.

Alhamisi asubuhi mkurugenzi wa makumbusho akashuka zile ngazi kumi na nne, jambo ambalo huwa halifanyi ila bomba likipasuka.

Makumbusho ile ina darasa linaloitwa Tujuane. Kila muhula inaalika shule mbili zisizoivana, watoto wanakaa pamoja asubuhi nzima na kujifunza kwamba watu hawafanani na si dhambi. Safari hii ilikuwa shule ya upande huu wa reli na shule ya upande ule. Mara ya mwisho watoto hao walikutana uwanja wa mpira, na mechi ilivunjika dakika ya kumi na saba kwa kurushiana maganda ya machungwa. Mwelekezi wa wanafunzi, kijana mwenye maneno matamu anayeliendesha darasa hilo miaka yote, alikuwa ameamka bila sauti. Hata kikohozi chake kilitoka kimya.

"Mama, leo ni wewe," mkurugenzi akasema.

"Mimi najua vitu. Watoto siwajui."

"Watoto wako thelathini na nane na wameshafika. Wako pale ukumbini wanaangaliana."

"Niwafundishe nini?"

"Kuheshimiana," mkurugenzi akasema, akapanda ngazi mbio kabla hajaulizwa swali jingine.

Mama Glavu alipofika ukumbini alikuta watoto kumi na tisa kushoto na kumi na tisa kulia, na katikati nafasi ya kupitisha gari. Mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama kwenye ile nafasi na mikono nyuma, kama refa. Nyuma kabisa, karibu na kabati la vyungu, alisimama mwalimu wa hesabu wa shule ya ng'ambo, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba mkubwa, akimtazama Mama Glavu kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akirudi kwenye viatu.

Hapa inabidi nikunong'oneze jambo ambalo Mama Glavu hakulijua. Mwalimu huyu hakupangiwa safari ile. Alibadilishana zamu na mwenzake na kumwachia vipindi vitano, ili tu aje. Yeye ndiye mama wa fundi friji. Alikuwa ameonyeshwa picha ya Mama Glavu kwenye simu ya mwanawe, na akaona hawezi kungoja Jumamosi kumkagua mkwe ambaye upande wao wamesikia mengi juu yake. Alikuja kutafuta sababu ya kukataa, na mkoba wake ulikuwa na daftari la kuziandikia.

Mama Glavu alishika maiki. Maiki ikapiga kelele, watoto wa pande zote mbili wakaziba masikio kwa pamoja, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza waliloafikiana. Akaiweka chini. Hotuba kuhusu heshima hakuwa nayo, akaona aseme anachokijua. Akatoa kwenye sanduku kijiti kirefu cha mti mweusi, chenye kichwa kilichochongwa mfano wa mkono mdogo.

"Hiki ni nini?"

Wakasema upanga, wakasema kijiko, mmoja akasema ni mkono wa mtu aliyerogwa.

"Kwa miaka kumi na moja," Mama Glavu akasema, "kitu hiki kilikaa pale kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, na kibao kimeandikwa 'Fimbo ya Mfalme'. Wageni wa serikali walipigwa nacho picha. Siku moja akaja bibi mmoja na wajukuu zake, akakiona, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, hiki ni cha babu yangu, na babu yangu hakuwa mfalme wa mtu yeyote. Babu yangu alikuwa anawashwa mgongo."

Ukumbi ulichukua kama sekunde mbili kuelewa. Kisha kicheko kikaanzia kushoto, kikavuka ile nafasi ya katikati bila kumuuliza mlinzi, kikashika kulia. Mama Glavu hakuwa amewahi kuchekesha watu zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Alisikia joto likipanda shingoni, na alilipenda.

"Mnajua kwa nini tulikosea? Tulikiona, tukasikia maneno ya watu, tukaandika yote kwa wino. Mwenyewe hatukumuuliza."

Basi akawagawia kadi za stoo, zilezile za kijivu zinazoingia kwenye daftari kuu, na kuwapanga wawiliwawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Kila mtoto amwandike mwenzake kama kitu kilicholetwa leo makumbusho. Anachokiona, kwa wino. Alichosikia kuhusu watu wa upande wa mwenzake, kwa penseli. Kisha amuulize mwenyewe, na penseli ikionekana ya uongo, kifutio kipo.

Nusu saa ya kwanza ukumbi ulikuwa kimya kama wa mtihani. Mama Glavu akapita kati ya mabenchi akisoma mabegani mwa watoto. "Mvulana. Urefu sentimita mia na hamsini na mbili. Hali: nzuri, ila kifungo kimoja kimepotea." Hiyo ilikuwa ya msichana mdogo mwenye pengo, ambaye alikuwa amempima mwenzake kwa rula mara tano, kipande kwa kipande. Chini, kwa penseli, ameandika: "Wanalala na viatu."

"Nani kakwambia tunalala na viatu?" mvulana akauliza.

"Binamu yangu."

"Ameshalala kwetu?"

"Hapana. Yeye alisikia kwa kinyozi."

"Na mimi nimesikia nyinyi mnafundisha kuku kutukana."

Msichana mwenye pengo alifikiri kidogo. "Sisi hatuna kuku," akasema. "Lakini tungekuwa naye tungejaribu."

Hapo ndipo bwawa lilipopasuka. Kila benchi likawa linatoa penseli zake. Ya kwamba watu wa huku hawawezi kufumba jicho moja, na watoto kumi na tisa wakafumba jicho moja kwa zamu mbele ya mashahidi. Ya kwamba watu wa kule wakipiga miayo hawafungi mdomo mpaka waambiwe. Ya kwamba watu wa huku wanaogopa ngazi. Wavulana wawili wakatoka mbio kuthibitisha hilo kwenye ngazi za stoo, mlinzi nyuma yao, na wote watatu wakarudi wanahema na kutangaza kwamba ni uongo. Mwelekezi asiye na sauti alikuwa amejiegemeza ukutani anacheka kimya, machozi yanamtoka, anaomba kwa ishara watu wamhurumie. Vifutio vikaisha. Wakaanza kuvikata vipande kwa meno.

"Na nyinyi je?" akauliza yule msichana mwenye pengo, kadi mkononi. Alikuwa akimtazama Mama Glavu, kisha mwalimu wa hesabu. "Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Mbona hamjaandikana?"

Ukumbi mzima ukadakia. Wakubwa waandikane, wakubwa waandikane. Mwalimu wa hesabu akasema hana kalamu, na kalamu kumi na mbili zikanyooshwa mbele yake.

Wakakaa uso kwa uso. Mama Glavu akaandika kwa wino: Mwanamke. Umri kama wangu. Miwani. Mkoba mkubwa kuliko mahitaji. Anataka kucheka lakini anajizuia. Kisha akachukua penseli, na mkono ukasita. Angeweza kuandika kitu chepesi. Lakini ile ilikuwa kadi ya stoo, na tangu aanze kazi hajawahi kudanganya kwenye kadi ya stoo hata kwa herufi moja. Akaandika mistari mitatu, na wa tatu aliuandika polepole sana.

Msichana mwenye pengo ndiye aliyejiteua kuzisoma. Akapanda juu ya benchi.

"Kadi ya Mama Glavu. Nilichosikia kuhusu watu wa ng'ambo. Moja, hawasemi asante. Mbili, wanahesabu vijiko mgeni akishaaga." Watoto wa huku wakaitikia kwamba hata wao wamesikia. Watoto wa kule wakasema, kumbe, sisi tumesikia ni nyinyi mnaohesabu. Kelele zikapanda, zikashuka. "Tatu," akasoma, "binti akiolewa kwao, mama yake hamwoni tena."

Hilo halikumchekesha mtu. Mama Glavu aliangalia glavu zake. Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo kwa sauti, hata chooni, na sasa limesomwa mbele ya watoto thelathini na nane na mlinzi. Hawasemi asante, vijiko, yote yale ya miaka mingi, na kumbe tangu siku ya friji kilichokuwa kinamtesa ni hiki kimoja tu.

"Mwenyewe anasemaje?" akauliza yule mvulana wa kifungo, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyosema.

Mwalimu wa hesabu alivua miwani. "Asante," akasema. "Hiyo ya kwanza ifutwe. Ya pili isifutwe. Vijiko nahesabu."

"Hata mimi nahesabu," Mama Glavu akasema, kabla hajafikiri.

"Vyangu vipo kumi na nane."

"Vyangu ishirini na vinne, na kimoja hakina mwenzake."

"Soma na yangu," mwalimu akamwambia msichana.

Kadi ya mwalimu ilisema, kwa wino: Mama. Glavu nyeupe. Hajui kuchekesha lakini anachekesha. Na kwa penseli kulikuwa na mstari mmoja tu. "Kijana akioa kwao, anasahau njia ya nyumbani kwa mama yake."

Kisha mwalimu akamgeukia Mama Glavu na kusema kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Mimi ndiye mama wa fundi friji."

Mama Glavu alinyanyuka ghafla. Alirudi nyuma hatua mbili, akajikuta amekaa, na aliposikia mlinzi anavuta pumzi ndipo alipojua amekaa wapi. Lilikuwa benchi la mti namba mia nne na kumi, nyuma ya kamba nyekundu, ambalo kwa miaka sitini hakuna makalio yaliyoligusa, na ambalo yeye mwenyewe aliwahi kumfukuza balozi kwa kuliegemea. Benchi likalia mlio mrefu. Watu wote wakangoja livunjike. Halikuvunjika.

"Nimekwisha," akasema. "Binti yangu aliniambia nikisema vibaya mbele yenu anaondoka. Nami sikusema, nimeandika kabisa, na kadi imesomwa."

Mwalimu wa hesabu aliivuka ile kamba nyekundu kwa kuinua sketi kidogo. "Sogea," akasema.

"Hairuhusiwi kukaa hapa."

"Naona. Sogea."

Akasogea. Wakakaa wawili juu ya namba mia nne na kumi, na mlinzi akageuka kuangalia dirishani, kwa sababu kuna mambo ambayo mlinzi mwenye akili hayaoni. Ilianza na mabega ya mwalimu. Halafu Mama Glavu akaguna puani. Halafu wote wawili wakaangua kicheko, kile cha kushikana mikono na kupigana mapajani, na watoto nao wakacheka kwa sababu wakubwa wakicheka hivyo huna budi, mpaka mwelekezi akaleta maji.

"Mimi nilikuja kukutafutia makosa," mwalimu akasema akifuta macho. "Nina daftari kwenye mkoba."

"Umepata mangapi?"

"Moja. Unawapa watoto vifutio vidogo."

Akalitoa daftari lenyewe, akafungua ukurasa mweupe, akalipigapiga goti kwa kalamu. "Haya, nisaidie. Huyu binti anayekuja kuwa wetu, asubuhi anakunywa nini?"

Mama Glavu aliitazama ile kalamu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Watu walishamsifia binti yake, walishamposa, walishamsengenya, lakini hakuna aliyewahi kukaa na kalamu na kumuuliza yeye, mwenye kujua, mtoto wake yukoje. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Chai," akasema. "Ya rangi. Na usimsemeshe mpaka afike nusu ya kikombe."

Mwalimu akaandika. Na Mama Glavu akaendelea. Anaogopa ngurumo lakini atakwambia haogopi. Akikasirika anapanga nguo kabatini, muache apange. Kitunguu kibichi hapana. Watoto walikuwa wameshapanga mstari mlangoni, mmoja wa huku mmoja wa kule, bado wanafumbiana jicho mojamoja, na nje dereva wa basi la shule alipiga honi mara tatu. Pale kwenye benchi Mama Glavu alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye binti wa miaka sita na surua yake.

"Na andika na hili," akasema, na sasa akaongea haraka kwa sababu aliogopa honi ya nne. "Jumapili anakula kwangu. Tangu azaliwe."

Kalamu ya mwalimu ikasimama hewani. "Jumapili wangu naye anakula kwangu," akasema. "Tangu azaliwe."

Dereva akapiga honi ya nne.

"Basi moja kwako, moja kwangu," mwalimu akasema. "Hii kwako, ijayo kwangu."

Mama Glavu alikunjua vidole vyake vya glavu. Hizo zilikuwa nusu ya Jumapili zote alizobakiwa nazo duniani, na alizihesabu palepale. "Na sisi?" akauliza. "Ile Jumapili wakiwa kwako, mimi nakula wapi?"

Mwalimu wa hesabu alivaa tena miwani, akamtazama juu yake, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha mbili na mbili.

"Kwangu," akasema. "Ulidhani nawaalika wale wawili tu? Wale watakuwa wanashikana mikono chini ya meza. Mimi nitaongea na nani?"

Akaandika, akafunga daftari, na wakasaidiana kunyanyuka.